Rimu za Prado kwenye Land Cruiser ya Zamani: Spesa Ipimwe Kabla ya Kufungwa

Wenye Land Cruiser 80, zile zilizoanza kutoka kiwandani mwaka 1990, wengi hapa Arusha na Moshi wanaacha rimu za inchi 16 na kufunga za Prado 120 au 150, za inchi 17. Naelewa kwa nini. Tairi ya 265/65R17 hukosi kuipata mjini, na rimu yenyewe inapendeza. Mimi nafundisha ufundi wa magari katika chuo kimoja hapa Arusha, na sina ugomvi na badiliko hili. Ninachogombana nacho ni namna linavyofanywa, hasa spesa: kile kipande cha duara kinachowekwa kati ya rimu na habu, yaani kitovu kinachobeba gurudumu.

Matundu ya stadi, zile boliti zinazotokeza kwenye habu, yanalingana kabisa: sita, kwenye duara la milimita 139.7, na stadi zenyewe ni za milimita 12. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Rimu ikishaingia kwenye stadi, kazi inahesabiwa imekwisha, kumbe kipimo kikubwa bado hakijaangaliwa. Kinaitwa ofseti: umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapokaa kwenye habu. Rimu ya alumini iliyokuja na 80 ina ofseti karibu na sifuri. Ile ya Prado ina milimita 25 hadi 30. Maana yake, ukiifunga kavu, bila spesa, tairi inazama ndani kwa kiasi hicho, na ukikata usukani hadi mwisho inakwaruza ule mkono unaoshika ekseli ya mbele.

Spesa inaingia hapo. Ya milimita 25 hurudisha tairi karibu na mahali ilipowekwa na waliolibuni gari, na beringi hubeba mzigo uleule iliozoea. Lakini spesa hiyohiyo ukiifunga nyuma ya rimu ya zamani, kwa sababu tu unataka gari litanue miguu, umesogeza tairi nje ya mstari wake. Beringi zitalemewa, usukani utakuwa mzito na utavutwa kila ukigonga shimo. Kwa barabara za vumbi za ndani ya Ngorongoro, hilo halichukui muda kujitokeza. Wamarekani wanalijua jambo hili la ofseti kupitia Crown Victoria, gari dogo la Ford: toleo la 2003 lilibadilishwa ofseti, na anayetaka rimu hizo kwenye gari la kabla yake inambidi apime kwanza ndipo anunue spesa.

Spesa ninayoikubali ni ya alumini nzima iliyochongwa kwa mashine, yenye stadi zake yenyewe. Inafungwa kwenye habu kwa nati sita, halafu rimu inafungwa juu yake kwa nati sita nyingine. Washa zilizopangwa, au bamba lililokatwa na kuchomelewa, sizikubali hata kwa safari ya kwenda sokoni Kilombero. Na zile bapa zisizo na stadi, hata ya milimita 5 tu, zinakula uzi wa stadi zako. Nati ya stadi hizi inapaswa kushika uzi kwa milimita 12, yaani mizunguko minane. Milimita 5 zinaondoa zaidi ya mitatu. Hesabu kwa mkono wako.

Tundu la kati nalo lisisahaulike. Mwenye gari mmoja alitoka Karatu usukani ukitetemeka akifika kilomita 80 kwa saa. Alikuwa ameshabalansi tairi mara tatu, pesa zikiteketea. Tulipovua rimu tukakuta tundu la spesa limezidi habu kwa milimita mbili hivi, gurudumu lote limekaa upande, linaning'inia kwenye stadi. Tukatafuta spesa inayobana habu sawasawa, na mtetemo ukaisha.

Nati pia zina aina zake. Rimu nyingi za alumini za Toyota zinataka nati yenye shingo na washa bapa; ile ya koni ya rimu za chuma itakaza, lakini haitakaa.

Kabla ya kufunga, piga brashi ya waya kwenye uso wa habu mpaka kutu na udongo viishe. Gurudumu likiwa juu, kaza kwa kuvuka, nati moja na ya upande wa pili, kisha malizia kwa spana inayopima nguvu, kwa kiwango cha kitabu cha gari.

Sasa lililo zito kuliko yote: nati za ndani, zile zinazofunga spesa kwenye habu. Ukishafunga rimu huzioni tena, na spana ya tairi haizifikii. Spesa mpya hujikalisha katika kilomita za mwanzo, na nati zikalegea kidogo. Umefunga Arusha asubuhi? Ukifika Boma Ng'ombe, kama kilomita 55, simama, acha habu zipoe, vua rimu moja moja na ukaze zile za ndani kwanza. Rudia baada ya wiki, kisha kila unapobadilisha oili. Fundi akikuambia inatosha kukaza za nje tu, mwombe jeki uvue mwenyewe.