Sala ya dhati ni ipi?

Neno "dhati" tulilipata kwa Waarabu, na maana yake ni nafsi, kitu chenyewe kilivyo. Mtu akikwambia "nimekusudia kwa dhati," anasema yumo mzimamzima ndani ya kusudi lake, hakusukumwa wala haigizi. Basi sala ya dhati ni sala ambayo mwenye kuomba yumo ndani yake. Urefu si hoja, machozi si hoja, na sauti kubwa ndiyo si hoja kabisa.

Kulieleza ni rahisi. Kulifundisha ndiyo kazi.

Kikundi chetu cha vijana hapa Malindi hukutana Jumamosi jioni. Siku moja nilimwomba kijana mmoja, dereva wa tuktuk, atufungulie kwa maombi. Papo hapo sauti ikabadilika. Yule aliyekuwa akituvunja mbavu mlangoni akageuka mzee wa kanisa: "Baba Bwana, tunakuja mbele zako Baba, utufunike Bwana…" Nikajikuta nahesabu hizo Baba na Bwana (kosa langu, najua), zikapita ishirini. Baadaye nikamuuliza, leo kazi imekuwaje? Akasema kusi imeingia, wageni wamepungua, na pesa ya mwenye tuktuk imepelea mia tatu. Hajui atamweleza nini.

"Mbona hilo hukumwambia Mungu?"

"Mwalimu, hayo nayo ni ya kuombea?"

Tukainamisha vichwa tena. Safari hii alisema: "Mungu, mia tatu imepelea. Naogopa. Nisije nikamdanganya." Akanyamaza. Hata amina alisahau.

Sikumlaumu kwa ile sala ya kwanza, kwa sababu alijifunza kwetu. Sisi watu wazima tuna sauti ya kuombea tunayoivaa kama shati la Jumapili. Tena tuna ufundi mwingine mbaya zaidi, wa kupitisha matangazo ndani ya maombi: "Bwana, unawajua wale wanaochelewa ibadani…" Mungu hakuwa akiambiwa chochote hapo, walioambiwa ni waliokaa benchi la nyuma. Katika Luka 18 Mfarisayo naye alisimama hekaluni akaorodhesha funga zake na zaka zake, na mengi huenda yalikuwa kweli. Mtoza ushuru alisimama mbali akajipiga kifua: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Huyu ndiye aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki.

Hapo vijana huruka kusema kwamba sala za kukariri basi hazifai. La. Katika Mathayo 6 Yesu anakataza kupayukapayuka, na mistari michache mbele anawapa wanafunzi maneno ya kusema, Baba Yetu. Maneno ya kupewa hayana ubaya ukiingia ndani yake. Mimi huwasimamisha pale kwenye "utupe leo riziki yetu." Riziki si neno la kanisani tu hapa pwani. Mvuvi wa Mayungu akirudi na tasi wawili husema, "Ndiyo riziki ya leo." Basi nawauliza: kwenu riziki ya leo ni nini? Unga? Karo? Abiria wa kwenda Watamu? Kila mmoja ataje lake kimoyomoyo, ndipo tuendelee. Sala ya nusu dakika huchukua robo saa, na hakuna anayesinzia.

Lugha nayo ina lake. Vijana wetu wengi nyumbani husema Kigiriama, na bibi zao humwita Mungu Mulungu. Wakifika kanisani huvaa Kiswahili cha Biblia ambacho hawakitumii hata wakiumwa jino. Ushauri wangu ni mmoja: omba kwa lugha unayoitumia ukigombana na ndugu zako. Hiyo ndiyo iliyo karibu na moyo.

Suala hili lina umri mkubwa mjini petu. Mwaka 1542 mmisionari Francis Xavier alipita Malindi akielekea India, na jina lake bado hutajwa pamoja na kile kikanisa cha Wareno chenye paa la makuti karibu na bahari. Katika barua aliyoiandika Goa mwezi Septemba mwaka huohuo, anasimulia kwamba Mwislamu mmoja wa heshima alimuuliza kama kwao Wakristo makanisa yanahudhuriwa na watu wanasali kwa bidii. Maana hapa, alimwambia, misikiti ni 17 na inayoendewa ni mitatu tu, tena na watu wachache. Kijana anayeamshwa na adhana ya jirani ni vyema ajue hivyo. Jirani huyo ana neno lake, ikhlasi, yaani usafi wa nia, na shida anayopigana nayo ndiyo yetu.

Na katika pilikapilika za siku? Nehemia aliulizwa na mfalme anataka nini, naye akamwomba Mungu wa mbinguni palepale, kabla ya kujibu. Hakufumba macho, hakutoka nje. Dereva akisubiri abiria ana nafasi kubwa kuliko hiyo.

Sauti pia si lazima. Hana, katika 1 Samweli 1, aliomba midomo ikicheza na sauti isisikike, na kuhani Eli, mtu wa kazi hiyohiyo, akadhani amelewa. Huwa naikumbuka hadithi hiyo kila ninapotaka kumnyoshea kidole kijana aliyeinamia magoti yake huku wenzake wakiomba kwa kelele. Na akiniambia, "Leo siwezi, mwalimu," namwacha, naita mwingine.