"Tovuti yako nzuri sana!": dhana potofu kuhusu kuomba maoni, na ukweli wake

Mtu akishaipandisha tovuti ya biashara yake hewani, cha kwanza anachofanya ni kurusha linki kwenye makundi ya WhatsApp na kuandika, "Jamani, tovuti yangu hiyo, naomba maoni." Hazipiti dakika nyingi, dole gumba zinamiminika: hongera, safi sana, umetisha. Halafu kimya. Siku zinakwenda, fomu ya oda haijajazwa na mtu, simu haijaita, na mwenye tovuti anajiuliza imekuwaje ilhali kila mtu alisema ni nzuri.

Hakuna aliyemdanganya. Waliulizwa swali ambalo adabu ilishalitafutia jibu. Na mengi yanayoaminika kuhusu kuomba maoni ya tovuti mpya yana kasoro hiyo hiyo: tunahangaika kuwasikia watu wakisema, wakati faida kubwa iko katika kuwatazama wakihangaika.

Dhana: Ndugu na marafiki wakiipenda, wateja nao wataipenda

Ukweli: Ndugu yako anaipenda kwa sababu ni yako. Ameona ulivyoihangaikia, hawezi kukuvunja moyo. Na hata akiamua kuwa mkweli, anajua tayari unauza nini, kwa hiyo mapengo ya maelezo anayajaza mwenyewe bila kujitambua. Mgeni hana msaada huo. Ametokea kwenye matokeo ya utafutaji, jina lako hajawahi kulisikia, na anataka kujua upesi: hawa wanafanya nini, wananifaa, na nikiwataka nifanyeje?

Mtafute mtu asiyeijua biashara yako. Mwonyeshe ukurasa wa mwanzo kwa sekunde tano, geuza simu, kisha muulize, "Hawa wanauza nini?" Akikujibu "Ni kampuni fulani hivi, mambo ya huduma," ujue yale maandishi makubwa ya juu, "Suluhisho bunifu kwa mahitaji yako," hayajamwambia kitu. Yafute. Andika unachouza.

Dhana: Nimeipitia mwenyewe ukurasa kwa ukurasa, iko wazi kabisa

Ukweli: Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Stanford, mtafiti Elizabeth Newton aliwapa baadhi ya watu kazi ya kugonga kwa vidole mdundo wa nyimbo maarufu, na wengine wasikilize na kutaja wimbo. Wagongaji walikadiria kuwa nusu ya nyimbo zitatambuliwa. Katika nyimbo 120 zilizogongwa, zilizotambuliwa zilikuwa 3 tu. Mgongaji anausikia wimbo mzima kichwani mwake; anayesikiliza anaambulia ko-ko-ko.

Kwenye tovuti yako, mgongaji ni wewe. Unajua bei ziko wapi kwa sababu wewe ndiye uliyeziweka huko.

Dhana: Swali la kuuliza ni "Unaionaje?"

Ukweli: Hili ndilo swali baya kuliko yote, na ndilo linaloulizwa kuliko yote. Linamgeuza mtu kuwa jaji wa urembo. Atakuambia kuhusu rangi, kuhusu nembo, pengine kuhusu picha yako kwamba umependeza. Hayo si ambayo mteja huja kufanya kwenye tovuti.

Badala ya swali, mpe kazi. Tuseme wewe ni mpiga picha. Mkabidhi mtu simu, tena ikiwezekana simu yake mwenyewe, umwambie: "Dada yako anaolewa na unamtafutia mpiga picha. Tumia tovuti hii ujue kama ana nafasi tarehe mnayoitaka na atawagharimu kiasi gani. Kila unachowaza kiseme kwa sauti. Mimi sitakusaidia." Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu, mdomo utakuwasha kusema "bonyeza pale juu." Usiseme. Akikuuliza "Nibonyeze hapa?" mrudishie: "Ungekuwa peke yako ungefanyaje?"

Tazama kidole chake. Kinashuka, kinapanda, kinashuka tena. Anaigusa picha kubwa akidhani itafunguka, haifunguki. Anaigusa mara ya pili, kwa nguvu zaidi. Anafungua menyu, anakuta "Hadithi Yetu", "Gundua" na "Ulimwengu Wetu". Anasita. "Bei itakuwa... kwenye Gundua?" Anaingia, anakuta picha nyingine. "Basi, ningewapigia tu." Anagusa namba ya simu iliyo chini ya ukurasa, kumbe namba ni sehemu ya picha, haigusiki wala hainakiliki.

Hapo zimepita dakika mbili na umeshapata mambo matatu ya kurekebisha. Sasa muulize, "Kwa hiyo unaionaje?" Atakuambia: "Iko vizuri, mimi tu ndiye sijaizoea." Watu hujilaumu wenyewe kabla ya kulaumu tovuti, ndiyo maana maneno yao ya mwishoni hayafai kuwa ndicho kipimo. Aliyekwama amekwama, hata akikusifu.

Mbinu hii ya kumwomba mtu awaze kwa sauti si ya jana. Mtafiti Clayton Lewis aliieleza mwaka 1982 akiwa katika kampuni ya kompyuta ya IBM, kwa ajili ya kupima mifumo ya kompyuta, na mpaka leo haijapata mshindani kwa urahisi wake. Haihitaji programu wala malipo. Kama mko mbali, piga simu ya video, aonyeshe skrini yake.

Dhana: Bila watu mia hujapata maoni ya maana

Ukweli: Mwaka 1993 Jakob Nielsen na Thomas Landauer, watafiti wa namna watu wanavyotumia kompyuta, walichapisha hesabu iliyotokana na majaribio kadhaa: kwa wastani mtu mmoja anayejaribu mfumo hufichua karibu asilimia 31 ya matatizo yake. Wa pili atarudia baadhi ya yale yale na kuongeza machache, wa tatu hivyo hivyo. Ukifika mtu wa tano umekaribia asilimia 85. Mwaka 2000 Nielsen aliandika tena kwamba mwenye uwezo wa kupata watu 15 asiwamalize siku moja. Awagawe mara tatu, watano watano, na kati ya awamu na awamu arekebishe alichokiona.

Asilimia 31 ni wastani wa miradi ile, si sheria. Tovuti yenye kurasa nyingi na wateja wa aina tofauti inahitaji zaidi. Kama unawauzia watu binafsi na pia makampuni, usitarajie kundi moja likusemee la pili. Na watano wanatosha kugundua tatizo, hawatoshi kutangaza takwimu. "Asilimia 60 ya wateja wanapenda kitufe cha kijani," ilhali uliwauliza watu watano, ni kujidanganya kwa kikokotoo.

Dhana: Mtaalamu akishaipitisha, imepita

Ukweli: Mtaalamu ana macho ya kuona ambayo wengine hawayaoni, na yapo mambo asiyohitaji kubishana na mtu kuyahusu. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe, kwa mfano. Mwongozo wa W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti, kuhusu tovuti kufikiwa na watu wote, toleo la 2.0 la mwaka 2008, unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma yake isipungue 4.5 kwa 1. Hicho ni kipimo, hakina ladha ya mtu.

Lakini mtaalamu si mteja wako. Hajui kwamba wanaokutafuta wengi wao huuliza kwanza kuhusu muda wa kumaliza kazi kabla ya bei. Na kuhusu zile barua pepe za "tumeikagua tovuti yako, ina makosa makubwa," zinazokuja bila kuitwa: wengi wanaozituma hawajaifungua hata tovuti yenyewe. Hayo si maoni, ni tangazo.

Dhana: Maoni ni maoni, yote yafanyiwe kazi

Ukweli: Ukiyafuata yote utaishia na tovuti iliyotungwa na kamati, kila mtu kaweka lake. Watu ni hodari wa kuonyesha panapouma. Dawa wanazopendekeza ndizo za kutilia shaka. Mtu akisema "weka video pale mwanzo," usikimbilie kamera. Muulize, "Ulikuwa unatafuta nini ulipolifikiria hilo?" Pengine atasema hakuelewa kazi yenu inafanyikaje hatua kwa hatua. Tatizo ni hilo, na sentensi nne zinaweza kulimaliza kwa gharama ndogo kuliko video.

Ukiwa na daftari, andika tukio, usiandike rai. "Alitafuta bei, akaenda Gundua, akakata tamaa" ni kitu cha kufanyia kazi. "Hakupenda rangi" kiache kwanza, isipokuwa kama rangi hiyo ilimzuia kusoma. Na wawili katika watano wakikwama mahali pamoja, usingoje wa tatu.

Dhana: Inafunguka vizuri kwangu, kwa hiyo inafunguka

Ukweli: Kwako inafunguka haraka kwa sababu kivinjari chako kilishahifadhi picha zake tangu jana. Mgeni anaanza bila chochote kilichohifadhiwa, pengine kwa simu ya zamani na mtandao unaokatika.

Google inapendekeza kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, na ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, katika angalau asilimia 75 ya matembezi ya wageni kwenye tovuti. Chombo chake cha bure, PageSpeed Insights, kitakupimia. Ila usishangae sehemu ya data za watumiaji halisi ikiwa tupu: inakusanywa kwa siku 28 kutoka kwa watumiaji wa Chrome, kivinjari cha Google, na tovuti mpya kwa kawaida haijapata wageni wa kutosha. Utabaki na kipimo cha maabara, yaani jaribio la kompyuta, ambacho hakijui chochote kuhusu simu za wateja wako. Ndiyo maana nasisitiza mtu atumie simu yake mwenyewe.

Mengine ni ya dakika tano, na hakuna rafiki atakayekuambia kwa sababu hakuna anayeyajaribu. Jaza fomu yako ya mawasiliano kwa anwani ya barua pepe isiyo ya biashara, uone kama ujumbe unafika au umeangukia kwenye folda ya barua taka. Ipo biashara inayolalamika kwamba tovuti haileti wateja, kumbe wateja waliandika na ujumbe wao umelala humo. Angalia kama anwani inaanza na https, maana tangu Julai 2018 Chrome huzitangaza zile za http kuwa si salama, na mgeni akiliona neno hilo haulizi mara mbili. Kama umejengewa kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, ingia kwenye mipangilio ya usomaji utazame kile kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Hutiwa alama wakati wa ujenzi, na mara nyingine fundi huondoka nacho kikiwa hivyo hivyo.

Dhana: Nitaweka matoleo mawili, takwimu ziamue

Ukweli: Yaani nusu ya wageni waone toleo hili na nusu lile, kisha uone lipi linaleta oda zaidi. Hesabu kwanza. Tuseme katika wageni 100, wawili wanaagiza, na unatumaini kitufe kipya kitawafikisha watatu. Ili upate nafasi nzuri ya kuiona tofauti hiyo, usiichanganye na bahati, unahitaji wageni karibu 3,800 kwa kila toleo. Tovuti inayopata wageni 20 kwa siku itamaliza zaidi ya mwaka. Jaribio la namna hiyo ni la wenye umati. Mwenye biashara ndogo abaki na watu wake watano.

Takwimu za matembezi zinafaa kwa jambo jingine: kukuonyesha watu wanaishia ukurasa gani. Kwa nini wanaishia hapo, hazitakuambia. Hapo ndipo pa kumpa mtu simu na kumtazama.

Dhana: Ngoja ikamilike kwanza, ndipo niwaonyeshe watu

Ukweli: Ikishakamilika umeshalipa, fundi ameshachoka, na kila rekebisho lina ankara yake. Mchoro wa kurasa kwenye karatasi unatosha kumuuliza mtu, "Hapa ungegusa wapi kupata bei?" Tena mbele ya kitu kibichi watu huwa wakweli zaidi, hawaogopi kuharibu kazi ya mtu.

Dhana: Tumeshaijaribu, tumemaliza

Ukweli: Aliyeijaribu mwezi uliopita si mgeni tena, ukirekebisha, tafuta wapya. Na wateja wakianza kuja, chanzo cha maoni kinabadilika. Mteja aliyeagiza muulize swali moja tu, ndani ya siku mbili tatu kabla hajasahau: "Ni nini kilikaribia kukufanya usiagize?" Swali hili halimwombi akusifu wala akukosoe, linamwomba akumbuke.

Wanaopiga simu nao waandikie daftari lao. Swali likiulizwa mara kwa mara kwenye simu ilhali jibu lake lipo kwenye tovuti, jibu hilo halionekani. Lipandishe juu, kisha uone kama swali hilo litapungua.