Mpiga piano wa makazi ya wastaafu: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Wapo wapiga piano wanaoishi njiani, leo makazi haya ya wastaafu, kesho mengine, na jukwaa lao ni sebule ya pamoja au chumba cha kulia. Kazi hii hudharauliwa, na dharau hiyo inaniuma kwa sababu humgusa msikilizaji kabla ya kumgusa mpigaji.

Dhana: Wazee hawana makuu, piga chochote watashangilia.
Miongoni mwao wamo waliofundisha muziki, walioimba kwaya tangu utotoni na waliokesha kwenye kumbi za dansi. Ukiruka ubeti wanajua, na kuna atakayekufuata baadaye akuambie.

Dhana: Wapigie nyimbo za enzi za vita.
Piga hesabu. Aliyetimiza miaka 80 mwaka 2025 alizaliwa 1945, mwaka Vita Kuu ya Pili ilipomalizika. Nyimbo za vita ni za wazazi wake. Yeye alicheza dansi miaka ya 1960. Kumbukumbu za ujana ndizo hushika zaidi uzeeni, kwa hiyo kabla ya kupanga nyimbo, uliza umri wa wenyeji.

Dhana: Hawasikii vizuri, basi ongeza sauti.
Hapa ndipo wageni wa kazi hii huharibu. Uzee hupunguza kwanza usikivu wa sauti nyembamba, zile za juu. Sauti nene hubaki kwa muda mrefu zaidi. Ukiongeza sauti yote kwa pamoja, besi inaufunika wimbo wenyewe, na sikio lililodhoofika huumizwa upesi na kelele. Vifaa vya kusaidia kusikia navyo vimeundwa hasa kwa ajili ya mazungumzo, hivyo muziki mara nyingi hutoka umekwaruza. Dawa yake ni kuuweka wimbo katikati ya vibonye, kuupunguza nguvu mkono wa kushoto na kutolikalia kanyagio la kurefusha sauti. Ukitaja jina la wimbo, tumia maikrofoni na uwatazame usoni bila kuficha mdomo, maana wengine husoma midomo.

Dhana: Mwenye ugonjwa wa kusahau hafaidiki na chochote.
Muziki uliozoeleka mara nyingi hudumu hata mengine yakifutika. Utamwona mama kwenye kiti cha magurudumu, amefumba macho, kidole kikigonga mkono wa kiti. Kiitikio kikifika anaimba maneno yote bila kukosea, na wimbo ukiisha hamtambui binti aliyeketi kando yake. Si tiba, wala hairudishi kilichopotea. Lakini dakika zile ni zake, na binti amezishuhudia. Kwa kuwa wengi wenye ugonjwa huu huchanganyikiwa zaidi jioni, ni vyema kupiga mapema mchana, tena onyesho lisizidi saa moja.

Dhana: Piano ipo, nenda mikono mitupu.
Huenda ipo, ila hewa kavu ya vyumba vyenye joto husinyaza ubao wa ndani unaokuza mlio, na sauti ya nyuzi hushuka. Ndiyo maana wengi husafiri na piano ya umeme yenye vibonye vyote 88, pamoja na stendi na spika, na mgongo hulipa gharama.

Dhana: Ni kazi ya kujitolea.
Wapo wanaojitolea, na Mungu awabariki. Wengine hii ndiyo riziki yao: hupanga makazi mawili ya jirani kwa siku moja ili nauli isimeze malipo, na hukubaliana bei, muda na mahali pa kushushia vyombo vya muziki kabla ya kuondoka nyumbani.