Je, wajua kwa nini watu wenye PhD ya fizikia bado wanapanda mlimani kwenda kufundishwa ubaoni?

Tangu Agosti 1991, Paul Ginsparg alipoanzisha ile hifadhi ya mtandaoni ya pepa za utafiti inayoitwa leo arXiv kwenye maabara ya Los Alamos kule Marekani, mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kusoma pepa za fizikia ya nadharia bure, awe Cambridge au awe Sumbawanga. Baadaye zikaja video, lekcha nzima nzima ziko YouTube, unasimamisha, unarudisha nyuma, unaenda kula, unaendelea kesho. Sasa mbona kila mwaka bado kuna watu wazima, wengine tayari ni madokta, wanafunga mabegi wanaenda kukaa wiki kadhaa kijijini milimani Ufaransa, asubuhi mpaka jioni wanakopi notsi za ubaoni kama wako Form Two?

Kijiji chenyewe kinaitwa Les Houches, kiko bonde la Chamonix, ule mlima mrefu wa Mont Blanc huo hapo mbele yako. Shule ya fizikia ya pale ilianzishwa 1951 na dada wa miaka 28 tu, Cécile Morette. Historia yake inauma. Alikulia mji wa Caen, na tarehe 6 Juni 1944, siku majeshi ya Washirika yanashuka Normandy, mabomu yaliyopigwa Caen yaliua mama yake, bibi yake na ndugu yake wa kike, yeye akapona kwa sababu siku hiyo alikuwa Paris kwenye mtihani. Baada ya vita akaenda Dublin, akaenda Copenhagen, mwisho Princeton kwa Oppenheimer, yule aliyeongoza kutengeneza bomu la atomiki, na huko Mmarekani mmoja mwanafizikia, Bryce DeWitt, akamposa. Akakataa. Aliona hawezi kuolewa nje akaiacha Ufaransa hivihivi. Halafu akalifikiria upya, akajiwekea sharti lake mwenyewe: naolewa, lakini kwanza nchi yangu naiachia shule. Mahari ya kinyumenyume, tuseme, anayeolewa ndiye anatoa.

Na Ufaransa ilikuwa na shida kweli. Mekanika ya kwanta, ile fizikia ya vitu vidogo kama atomu, ilikuwa na robo karne tayari, bomu la atomiki limeshapigwa, ila kwenye vyuo vikuu vya Ufaransa wanafunzi walikuwa hawafundishwi ipasavyo, vita vilikuwa vimevuruga kila kitu na wazee wenye viti vyao hawakuwa na haraka. Kubadilisha silabasi ya chuo kikuu kunachukua miaka, sote tunajua mambo ya vikao. Yeye akaona njia ya mkato: usigombane na chuo, wachukue vijana likizo ya kiangazi, wapeleke mbali, waletee wanaojua kuliko wote duniani, wafungie humo miezi miwili. Kama umewahi kukaa kambi ya Form Four kabla ya mtihani wa taifa, picha unayo.

Claude Cohen-Tannoudji, aliyekuja kupata Nobel 1997, alikaa pale miaka ya 1950 akiwa kijana, na kwenye wasifu wake anasema ilikuwa karibu lekcha sita kwa siku, kwa karibu miezi miwili, walimu wakiwa watu kama Wolfgang Pauli na Julian Schwinger, mabingwa wa kwanta wa wakati huo. Yaani unaamka, unakunywa chai, anaingia Pauli. Enrico Fermi naye (Nobel 1938) alifundisha pale kiangazi cha 1954, miezi michache kabla hajafa. Kwenye madawati wamepita Pierre-Gilles de Gennes (Nobel 1991) na Georges Charpak (Nobel 1992). Kwa shule iliyoanza na nyumba za mbao za wakulima, si haba.

Lakini hapo nimejibu kwa nini ilianza. Kwa nini haijafa ndiyo swali gumu zaidi, maana sababu ya kwanza ilishaisha, siku hizi kwanta unafundishwa kila chuo.

Angalia pepa ya fizikia ya nadharia ilivyo. Imeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari anajua, kazi yake ni kumwonyesha huyo kwamba mwandishi kapata kitu kipya. Kwa hiyo njia zote alizopotea mwandishi zimefutwa, miezi sita ya kukwama haipo, na katikati unakutana na yale maneno ambayo kila mwanafunzi wa hesabu anayachukia, "ni rahisi kuonyesha kwamba", halafu mstari unaofuata ni mnyama mwingine kabisa. Wewe unakaa siku nne unatafuta ule urahisi uko wapi. Kwenye lekcha ya ubaoni unanyoosha mkono tu, samahani profesa, hiyo alama ya kutoa imetoka wapi? Na mara nyingine profesa anageuka, anaangalia ubao, anakaa kimya, anasema ngoja kwanza... na hapo ndipo somo linaanza, kwa sababu unamwona mtu anayejua anavyohangaika, anajaribu nini kwanza, anaangalia kama vipimo vinalingana pande zote mbili, anarudi kwenye mfano mdogo ambao jibu lake analijua, na hayo mambo hakuna anayeyachapisha. Chaki nayo ina faida yake, mtu anayeandika kwa mkono hawezi kukimbia kuliko wanaomsikiliza. Slaidi zinakimbia. Mimi nikiona mtu kafungua slaidi ya kwanza kati ya 90 najua leo hakuna atakayeelewa kitu, akiwemo yeye.

Halafu kuna mabishano. Mfano mzuri kuliko yote ni wa palepale Les Houches, kiangazi cha 1972, kwenye kikao kilichokuwa cha mashimo meusi tu, yale maeneo ya angani ambayo mvuto wake ni mkali mpaka hata mwanga hautoki. Stephen Hawking alikuwepo, James Bardeen na Brandon Carter walikuwepo, wakakaa wakaandaa pepa ya sheria nne za shimo jeusi. Walichokigundua ni kwamba sheria hizo zinafanana ajabu na zile sheria za joto tunazosoma kwenye fizikia ya kawaida. Kwa mfano Hawking alishaonyesha kwamba eneo la ule mpaka wa shimo jeusi, ukishauvuka hurudi, haliwezi kupungua, linabaki vilevile au linaongezeka. Na kwenye joto kuna kitu kinaitwa entropia, tuseme kipimo cha vurugu, nacho kwa ujumla wake hakipungui.

Sasa alikuwepo pia kijana kutoka Princeton, Jacob Bekenstein, ambaye yeye alikuwa anasema msiseme zinafanana, ni kitu kimoja, lile eneo ndiyo entropia yenyewe ya shimo jeusi. Wakubwa wakamkatalia, na hoja yao ilikuwa imenyooka kabisa: kitu chenye entropia lazima kiwe na jotoridi, chenye jotoridi lazima kitoe mionzi, na shimo jeusi halitoi chochote, ndiyo maana likaitwa jeusi, kwa hiyo kijana umekosea, huku ni kufanana tu. Hawking mwenyewe alikuja kukiri kwamba yule kijana alikuwa anamkera. Miaka miwili baadaye, 1974, nani anachapisha hesabu zinazoonyesha kwamba shimo jeusi linatoa mionzi na lina jotoridi? Hawking! Ile hoja waliyomtandikia nayo Bekenstein ikageuka yote upande wa Bekenstein, na leo kanuni ya entropia ya shimo jeusi inabeba majina yao wawili. Je, bila ile shule Hawking asingefika? Huenda angefika tu. Ila mtu anayekubishia meza moja asubuhi na jioni humwepuki kama unavyoiacha pepa yake chini ya rundo la nyingine.

Watu wa hesabu wanalijua hili mpaka wamelifanyia utaratibu. Kule Oberwolfach, kituo cha hisabati ndani ya Msitu Mweusi wa Ujerumani kilichoanzishwa 1944, wakati wa kula hujichagulii pa kukaa: vitambaa vya kufutia mikono mezani vina majina, na wahudumu wanavichanganya, kwa hiyo mchana unajikuta umekaa na bingwa fulani ambaye usingethubutu kumsogelea, na usiku umekaa na mwingine. Nina rafiki mmoja anasema huo ni udikteta. Na pia wana semina moja ambayo wanaohudhuria ndio wanaofundishana, unapewa mada nje ya fani yako, ukaiandae, uje uwafundishe wenzio. Ukiambiwa utafundisha, kusoma kwako kunabadilika siku hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye upande unaotugusa sisi zaidi, na hapa lazima nimtaje Abdus Salam. Huyu alitoka Jhang, Pakistan ya leo, akasoma Cambridge, na mwaka 1951, mwaka uleule Les Houches inaanza, akarudi nyumbani kufundisha Lahore. Alikuwa tayari ana jina kwenye fizikia. Chuoni wakamwambia habari za utafiti aweke pembeni, kila mwalimu lazima awe na kazi ya ziada, achague: kusimamia bweni, kushika hela, au kuongoza klabu ya mpira wa miguu. Akachukua mpira. Hakukuwa na mtu wa kuongea naye fizikia, majarida hayafiki, na kwenye nadharia ukikaa miaka mitatu hivyo umeshaachwa, wenzako wanaongea vitu ambavyo hujui hata vimeanzia wapi. Mwaka 1954 akarudi Cambridge, na kile kitendo cha kulazimika kuchagua kati ya nchi yake na fizikia yake hakikumtoka moyoni.

Ndiyo maana akapigana mpaka 1964 kikafunguliwa kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ICTP, kule Trieste, Italia. Wazo lake kubwa halikuwa kuwahamisha watu wa nchi maskini, lilikuwa kuwapa ruhusa ya kubaki kwao: unafundisha Dar au Kampala au Khartoum, na mara kadhaa ndani ya miaka kadhaa unaenda Trieste kwa wiki au miezi, unakaa maktaba, unahudhuria shule, unabishana, unarudi kwenu umeshiba. Nobel akapata 1979, amefariki 1996, na kituo sasa kina jina lake.

Kwetu hapa, tangu 2018 kuna tawi la damu ileile Kigali, taasisi ya utafiti inayoitwa EAIFR, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, wana shahada ya uzamili na PhD na pia hizo shule fupi fupi. Kuna na AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, iliyoanzishwa 2003 na mwanafizikia Neil Turok kule Muizenberg, Cape Town, kwenye jengo lililokuwa hoteli, na tangu 2016 nayo ipo Rwanda. AIMS mtaalamu anakuja kufundisha kozi ya wiki tatu hivi, na anaishi na kula palepale na wanafunzi, kwa hiyo saa nne usiku bado unaweza kumkamata kwenye korido na swali lako. Sijui kama waalikwa wote wanalifurahia hilo, ila wanafunzi wanalifurahia.

Kipindi cha korona, 2020, shule nyingi ziliahirishwa au zikahamia Zoom, na lekcha zenyewe zilienda vizuri tu, sauti safi, ubao unaonekana kuliko ukikaa kiti cha nyuma. Kilichokosekana ni lile swali unaloona aibu kuuliza mbele za watu, ambalo kawaida unaliuliza kwenye foleni ya chai ukijifanya unatania. Mipaka ilipofunguliwa watu walirudi mlimani fasta.

Kama wewe ni mwanafunzi na umesoma mpaka hapa unawaza mbona hizi ni za watu fulani, sio kweli. Shule za ICTP hazina ada ya usajili, na kwa waombaji wa nchi zetu mara nyingi kuna msaada wa nauli na malazi, unauomba kwenye fomu hiyohiyo, usiache hicho kipengele wazi kwa kuona haya. Maombi yanafungwa miezi kabla ya shule yenyewe, kwa hiyo ukiona tangazo la Julai ujue mlango unafungwa pengine Machi au Aprili. Kinachowakwamisha wengi ni barua ya mapendekezo, umemwambia profesa ijumaa jioni na mwisho ni jumapili, naye ana marundo ya kusahihisha. Mwambie mapema, mpelekee matokeo yako na aya mbili za kwa nini mada hiyo na sio nyingine, na umkumbushe wiki moja kabla, hata kama unaona unamsumbua.