Kiunganishi kilichojificha ndani ya kitenzi: kwa nini watahiniwa wengi huanguka katika kuandika Kiingereza

Kila matokeo ya IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, yanapotoka, kituo chetu cha lugha hupokea lalamiko lilelile. Mtahiniwa amepata 7 au zaidi katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, lakini katika kuandika amepewa 5.5 au 6. Wengi wa wanaotujia ni wauguzi wanaotaka kusajiliwa Uingereza. Baraza la huko linalosajili wauguzi na wakunga linadai 7 katika stadi hizo tatu na 6.5 katika kuandika. Jambo hili si geni: mwishoni mwa mwaka 2021, miezi michache baada ya Kenya na Uingereza kutia saini makubaliano ya wauguzi, Waziri wa Afya wa Kenya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ni 10 tu waliofaulu. Watu walishangaa, na wengine walisema Wazungu wanatubania.

Hawatubanii. Tumesoma insha nyingi sana za mazoezi, na msamiati wa watu wetu ni mpana. Wanapokosea ni pale kitenzi, kivumishi na kiunganishi vinapokutana, na sababu yake ni Kiswahili chetu wenyewe, kwa maana kitenzi cha Kiswahili ni mchukuzi: hubeba mgongoni kazi ambazo Kiingereza kimewagawia watu watatu.

Tazama sentensi hii: "Akaamka, akaoga, akanywa chai, akaenda kazini." Vitenzi vinne bila kiunganishi hata kimoja, na ni Kiswahili safi, kwa sababu -ka- ndiyo inayofunga tendo kwa tendo. Mtahiniwa huihamisha hivyohivyo: "He woke up, he took a bath, he drank tea, he went to work." Kwa Kiingereza hizo ni sentensi nne kamili zilizoshonwa kwa mkato, na mkato hauna nguvu hiyo. Inatakiwa "He woke up, took a bath, drank some tea and went to work." Kiwakilishi kinatajwa mara moja, na "and" inakaa kabla ya kitenzi cha mwisho. Kosa hili ndilo tunalolisahihisha kuliko yote.

Njoo kwenye -ki-. Muuguzi anayekabidhi zamu husema, "Mgonjwa akiamka, mpe dawa." Kiswahili hakimlazimishi aseme kama ana hakika ataamka. Kiingereza kinamlazimisha achague. "When the patient wakes up" maana yake ataamka, tunasubiri. "If the patient wakes up" maana yake huenda asiamke. Ndugu wa mgonjwa akiisikia hii ya pili atashtuka, na atakuwa na haki. Na ziko -ki- ambazo hazitaki kiunganishi chochote: "Nilimwona akilia" ni "I saw him crying," basi.

Baada ya "when" na "if" za namna hiyo, kitenzi hubaki katika wakati uliopo hata kama jambo ni la kesho. Sisi tuna "atakapokuja", ambamo wakati ujao umo ndani ya kitenzi, kwa hiyo tunaandika "When the doctor will come". Sahihi ni "When the doctor comes, I will tell him." Vilevile "ningejua, ningekuja": Kiswahili huweka -nge- pande zote mbili, na ndipo hutoka "If I would have known, I would have come." Kiingereza sanifu huweka "would" upande mmoja tu: "If I had known, I would have come."

Kuhusu "ingawa", naomba nieleweke. "Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja kazini" ni sentensi inayosemwa kila siku na hakuna anayeikemea. "Although he was sick, but he came to work" ni kosa, kwa sababu Kiingereza kinataka kiunganishi kimoja kwa vishazi viwili, yaani sehemu mbili za sentensi zenye kitenzi chake kila moja. Chagua "although" au chagua "but". Kanuni hiyohiyo huizuia "because" kufuatwa na "so" katika sentensi moja. Na "however" si kiunganishi kama "but". Ukiitumia kuanzia kishazi cha pili, tangulia kuweka nukta au nukta-mkato.

Vivumishi navyo vina mtego wao. Sisi husema nimechoka, nimekasirika, nimeshiba, kikombe kimevunjika. Zote ni vitenzi vyenye -me-. Kiingereza huzigeuza kuwa "be" pamoja na kivumishi: "I am tired", "I am angry", "I am full", "The cup is broken". Mwanafunzi akishazoea hilo, huanza kutia "am" hata pasipostahili na kuandika "I am agree", ilhali "agree" ni kitenzi kinachojitosheleza. Hakuna njia ya mkato hapa: jifunze kila neno pamoja na kundi lake. Na utenganishe "bored" na "boring". Anayemwambia mwajiri "I am boring" amesema kwamba yeye mwenyewe anachosha watu.

"Chakula kinanukia vizuri" nacho humpotosha mtu akaandika "smells nicely". Vitenzi kama "smell", "taste", "look", "feel" na "seem", vinapoeleza hali ya kitu, hufuatwa na kivumishi: "The food smells good." Ama "more better", hiyo ni "bora zaidi" iliyovalishwa nguo za Kiingereza. "Better" inatosha.

Sasa niseme kuhusu imani moja inayotuchosha. Kuna watu wanaouza orodha za viunganishi vizito na kuwaambia watahiniwa kwamba kila aya ikianza na "Moreover" au "Furthermore" alama zitapanda. Si kweli, na vigezo viko wazi kwa umma. Kuandika hupimwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: kujibu swali, mtiririko na mshikamano, msamiati, na sarufi. Chini ya mshikamano, kutumia viunganishi kupita kiasi kumetajwa kuwa ni udhaifu unaomweka mtahiniwa kwenye bendi 5, yaani ngazi ya alama ya 5. Chini ya sarufi, bendi 7 inataka sentensi zisizo na kosa zionekane mara kwa mara. Haisemi neno lolote kuhusu sentensi ndefu. Pia si kweli kwamba ni mwiko kuanza sentensi kwa "because". Mwiko ni kukiacha kishazi chake peke yake.

Insha za kukariri ni hatari zaidi. Ikithibitika kwamba jibu lote limekaririwa, vigezo vinaruhusu bendi 0. Swali la kwanza linataka maneno yasiyopungua 150, la pili yasiyopungua 250, na la pili lina uzito maradufu. Muda wote ni dakika 60, na inashauriwa 40 ziende kwa swali la pili. Tahajia ya Uingereza na ya Marekani zote zinakubalika.

Kwa wanaotaka kukata rufaa: ombi hupelekwa kwenye kituo ulikofanyia mtihani, ndani ya wiki 6 tangu tarehe ya mtihani. Unaweza kuomba karatasi zote zipitiwe au stadi moja tu. Anayepitia ni mtahini mwingine mwandamizi. Unalipa ada, na alama ikibadilika ada hurudishwa. Hutarudishiwa karatasi yako ya majibu, kwa hiyo tafadhali msije kituoni kuidai kwetu; sisi hatunayo. Jumla ya bendi ni wastani wa stadi nne: ikiishia .25 hupandishwa hadi nusu, ikiishia .75 hupandishwa hadi namba kamili, lakini alama ya kuandika yenyewe haipandishwi na wastani huo. Matokeo kwa kawaida hutambuliwa kwa miaka 2. Masharti ya usajili hubadilika, kwa hiyo soma tovuti ya baraza husika kabla ya kulipia chochote; makala haya hayachukui nafasi ya masharti hayo.

Kabla ya kulipa ada ya rufaa, chukua swali lolote la zamani, andika insha kwa dakika 40, kisha pigia mstari kila kitenzi chenye njeo (kinachoonyesha wakati) na uzungushie duara kila kiunganishi. Vitenzi viwili vilivyotengwa kwa mkato tu, vyenye kiima (mtenda) kila kimoja, vinahitaji kiunganishi au nukta kati yao. Viunganishi viwili kwenye vishazi viwili, futa kimoja. Fanya hivyo kwa insha tano, na ukiona makosa hayapungui, tuletee zote tano pamoja na mistari na maduara yake. Zilizonakiliwa upya kwa usafi hazitatusaidia kuona unapokosea.