Kinyesi cha paka kisilale kwenye beseni

Nyumba nyingi hapa Dodoma hufuga paka kwa ajili ya panya, na zamani hakuna aliyejiuliza anajisaidia wapi, kwa kuwa uwanja ulikuwa mpana. Sasa tumejenga kuta na kusakafia nje, na paka amewekewa beseni la mchanga kibarazani. Mimi ni daktari wa mifugo, na huulizwa sana beseni hilo lioshwe kwa dawa gani. Kabla ya kujibu, huuliza: kinyesi kilitolewa lini mara ya mwisho?

Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na mayai ya kimelea kiitwacho toksoplazma. Yanapotoka tumboni hayaambukizi. Huhitaji siku 1 hadi 5 kukomaa. Ukizoa kila siku, unayawahi. Ukisubiri usafi wa Jumamosi, yamekwisha kukomaa, na klorini ya kufulia haiyaui. Tena klorini ikikutana na mkojo wa paka hutoa hewa inayochoma macho na kifua. Dawa zinazogeuka nyeupe zikitiwa majini ziacheni kabisa. Nyingi ni sumu kwa paka, naye hulamba miguu yake kutwa.

Kinachofaa ni maji yaliyochemka. Mara moja kwa wiki mwaga mchanga wote, mimina birika la maji ya moto, acha dakika 10, kisha sugua kwa sabuni na uanike juani. Hata siku za mgao, birika moja halikosekani. Rudisha mchanga mkavu wa kina cha sentimita 5 hivi. Maranda ya fundi seremala nayo yanafaa. Upepo wetu wa kiangazi ni mkali, hivyo lowesha kidogo mchanga mchafu kabla ya kuumwaga, vumbi lisiwaingie puani. Kinyesi kifungwe kwenye gazeti na kutupwa choo cha shimo, kamwe si kwenye tuta la mchicha.

Mama mjamzito asifanye kazi hii, kwani maambukizi ya mara ya kwanza akiwa na mimba yanaweza kuiharibu au kumdhuru mtoto macho na ubongo. Akikosa msaidizi, avae glavu na anawe kwa sabuni. Nasikitika ninapoona paka akifukuzwa kwa sababu hiyo. Kwa kawaida paka hutoa mayai hayo kwa wiki chache tu, baada ya kuambukizwa mara ya kwanza kwa kula panya au nyama mbichi. Mishikaki isiyoiva nayo humwambukiza mama.

Lundo la mchanga wa ujenzi nalo ni choo kwa paka wa mtaa mzima, na watoto huchezea hapohapo. Lifunikeni kwa turubai.

Anayezoa kila siku huona pia mabadiliko. Paka dume akichuchumaa mara kwa mara, akijikamua na kulia, na mchanga umebaki mkavu, njia ya mkojo imeziba. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Akicheleweshwa siku mbili tatu anaweza kufa.