Gari Limekufa Baada ya Sevisi: Usiwashe, Usimwage, Usifungue

Gari limetoka gereji Tabora mjini asubuhi, limebadilishwa oili na filta, likashika barabara ya Nzega. Kabla ya kufika, taa nyekundu yenye alama ya birika inawaka kwenye dashibodi, kisha injini inaanza kugonga. Anachofanya mwenye gari katika saa moja inayofuata huamua kama atalipwa, au ataambiwa "injini yako ilikuwa imechoka".

Zima injini pale pale. Taa ile haipimi wingi wa oili, inapima presha yake, na ikiwaka gari likitembea, beringi zinabaki kavu. Dakika chache zinatosha kuua injini nzima. Kisha kuna upande wa sheria. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inampa aliyeumizwa na uvunjaji wa mkataba haki ya fidia, lakini inaangalia pia njia alizokuwa nazo za kupunguza hasara hiyo. Aliyeendesha kilomita 20 huku taa inawaka amewapa gereji utetezi bila wao kuuomba.

Kosa la pili hufanywa kwa nia njema. Mwenye gari anampigia fundi yule yule, fundi anakuja na bodaboda, anaongeza lita mbili, anakaza nati ya kumwagia oili, anasema sasa iko poa. Huenda hana hila yoyote. Lakini kuanzia hapo hakuna tena anayeweza kuonyesha kwamba oili ilikuwa imeisha, wala kwamba nati ilikuwa imelegea. Mjulishe, ndiyo, kwa ujumbe wa maandishi wenye saa, mahali gari lilipo na kilomita zinazosomeka, na umwambie lisiguswe hadi likaguliwe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa simu kutumika kama ushahidi mahakamani, kwa hiyo usiufute, na simu yenyewe usiiuze kesi ikiwa bado mbichi.

Kabla ya gari kuvutwa, piga picha: dashibodi, stiki ya oili ikiwa imefutwa na kuchovywa upya, upande wa chini wa injini, na mkondo wa oili barabarani kama upo. Usiliburute kwa kamba kama ni otomatiki, hasa yenye gia boksi ya CVT, yaani ile inayobadilisha kasi mfululizo bila hatua za gia. Magurudumu ya mbele yakizunguka injini ikiwa imezimwa, gia boksi haipati mafuta, na utaongeza uharibifu ambao gereji haikuufanya.

Ukaguzi ufanywe na mtu asiye na maslahi. Karakana ya TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi na umeme, mkoani au walimu wa ufundi magari wa VETA ni mahali pa kuanzia. Waalike gereji kwa maandishi waje washuhudie, ukitaja siku na saa. Wasipokuja, hawawezi baadaye kusema gari lilifunguliwa kwa siri. Ripoti iandike namba ya chesesi, kilomita, kilichoonekana, chanzo, na vyanzo vingine vilivyochunguzwa vikakataliwa pamoja na sababu. Hicho cha mwisho ndicho mafundi wengi hukiruka, na ndicho wakili wa upande wa pili hukiulizia kwanza.

Injini ya Toyota ya 1NZ, iliyomo kwenye IST nyingi na baadhi ya Vitz za mitaani, huchukua oili lita 3.7 pamoja na filta. Mkaguzi aimwage yote iliyobaki kwenye chombo safi na kuipima. Ikitoka lita moja, maswali yanakuwa mawili tu: iliwekwa pungufu, au ilivuja? Aweke kando sampuli ya mililita 200 hivi kwenye chupa safi, iandikwe tarehe na kusainiwa na waliopo.

Kama ilivuja, filta ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Filta ya zamani inapofunguliwa, mpira wake wakati mwingine hubaki umeganda kwenye injini. Fundi mwenye haraka hafuti pale, anafunga filta mpya juu yake, na sasa kuna mipira miwili imekaliana. Gari likiwa limesimama gereji hakuna hata tone. Likishika mwendo na presha kupanda, mmoja unachomoka ubavuni na oili inamwagika kwa kasi. Mkaguzi akifungua filta akakuta mpira wa pili, mweusi, mgumu, umebanwa upande mmoja, hakuna haja ya mjadala mrefu. Filta hufungwa kwa mkono hadi mpira uguse, kisha hukazwa robo tatu ya mzunguko. Filta iliyobondeka kwa spana ya mnyororo nayo ipigwe picha.

Nati ya kumwagia oili inataka uangalifu zaidi wa kuhukumu. Vipande vya aluminiamu vilivyonasa kwenye nyuzi zake vinaonyesha kwamba sampo, bakuli la oili chini ya injini, imeliwa kwa kukaza kupita kiasi, lakini havisemi nani aliyekaza. Mkono wa mwisho si lazima uwe ndio wenye hatia. Hapa rekodi za sevisi zilizopita hubeba kesi, na gari ambalo kila mwezi linaonwa na fundi mwingine chini ya mwembe mwingine ni gumu kulitetea. Hata hivyo, fundi aliyekuta nyuzi zimekufa akafunga kwa gundi bila kumwambia mwenye gari ana la kujibu.

Ndani ya injini, beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krankshafti) zilizokaukiwa huwa zimelika hadi rangi ya shaba inaonekana, na krankshafti, mhimili mkuu wa injini, hugeuka buluu kwa joto. Injini iliyochoka kwa uzee huonyesha sura nyingine: tope jeusi kila mahali na silinda zilizolika taratibu. Mkaguzi mzuri anaweza kuzitofautisha. Spea zote zilizofunguliwa ni zako, zifungwe kwenye mfuko wenye lebo, zisitupwe.

Gia boksi ya CVT iliyowekewa oili ya kawaida ya otomatiki huanza kuteleza na kuvuma, mara nyingine baada ya siku kadhaa. Usikubali "kuiosha" kabla ya sampuli kuchukuliwa, na omba kuona kopo lililotumika. Gurudumu lililochomoka baada ya kazi ya breki lina alama zake pia: matundu ya rimu yaliyopanuka yanaonyesha nati zililegea muda kabla ya kutoka. Kwa magari mengi madogo ya Toyota nati hizo hukazwa kwa nguvu ya Nm (newtoni mita) 103, na hukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Ikitokea ajali, toa taarifa polisi, na gari lisiondolewe kabla ya mkaguzi wa magari wa polisi kuliona.

Karatasi sasa. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, siku ile ile ya sevisi, maana gereji inayokana kuwahi kuliona gari lako ni jambo la kawaida kuliko unavyodhani. Kama sevisi ilifanywa na wakala Mwanza au Dar es Salaam na gari likafia Urambo au Kaliua, waandikie wao kwanza na uulize masharti ya waranti kabla ya kulifungua Tabora. Gereji ikishikilia gari hadi ilipwe kazi yake, sheria kwa kawaida inairuhusu. Lipa, lakini andika kwenye nakala ya ankara kwamba unalipa huku ukipinga.

Barua ya madai itaje chanzo kwa ripoti, kiasi unachodai kikiwa kimechanganuliwa (kuvuta gari, ukaguzi, spea, ufundi), na muda wa kujibu, siku 14 zinatosha. Mwenye Noah ya abiria anaweza kudai mapato yaliyopotea kama ana daftari la hesabu za kila siku la kabla ya tukio. Bila daftari, ni maneno. Wakikaa kimya, madai ya fedha yanayotokana na mkataba hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo kama hayazidi kiwango chake, kwa Kiswahili, na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Muda wa kudai chini ya mkataba ni miaka 6, na kwa madai ya uzembe yasiyo ya mkataba ni miaka 3. Ikibainika oili au filta ilikuwa bandia, peleka kopo na risiti Tume ya Ushindani pia, maana bidhaa bandia ni kazi yao. Bima kubwa kwa kawaida hailipi injini iliyokufa kwa ufundi mbovu, ingawa ajali iliyotokana na ufundi huo inaweza kuwa suala jingine. Soma masharti ya mkataba wako wa bima kabla ya kujaza fomu.